Kalisiamu Kisimani: Watoto wa Ukambani Waanzishwe Atomu kwa Maji Wanayoyajua

Katika vijiji vya Kitui Kusini na Kibwezi, watu huyatambua maji kwa tabia zake. Kuna maji yanayokula sabuni: unasugua mche mzima, povu halipandi, na beseni linabaki na utando wa kijivu. Maji hayo hayo yakipikiwa maharagwe, kuni huisha kabla maharagwe hayajalainika, na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, husumbua jikoni mpaka utiwe magadi. Kuna maji ya chumvi, ambayo ng'ombe huyanywa na mgeni huyatema. Na kuna maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye mabati, ambayo hujaa povu kwa sabuni kidogo tu.

Mtoto anayetumwa na punda kuyateka maji hayo huenda ni mwanafunzi wa Gredi ya 9. Daftari lake la sayansi lina orodha ya elementi 20 za kwanza, naye huzikariri jioni kwa mpangilio: hidrojeni, heliamu, lithiamu, beriliamu, mpaka afike kalisiamu, namba 20. Anajua alama yake ni Ca. Anajua elektroni zake zimepangwa 2, 8, 8, 2. Asichoonyeshwa, mara nyingi, ni kwamba kalisiamu hiyo ndiyo inayokula sabuni ya nyumbani kwao, na kwamba zile elektroni mbili za mwisho ndizo sababu.

Hapo ndipo somo la atomu linapompotea mtoto. Anapewa jibu la swali ambalo hajauliza. Atomu haionekani kwa macho, haishikiki, na jedwali la elementi lililobandikwa ukutani lina visanduku 118 vyenye herufi ngeni. Akiambiwa aanze hapo, hana budi kukariri. Lakini Ukambani swali lipo tayari, tena limeulizwa na vizazi kisimani na jikoni: kwa nini maji haya si kama yale? Mwalimu akianza na swali hilo, atomu itaingia darasani ikiwa na kazi ya kufanya.

Mtaala wa Umilisi wenyewe umefungua mlango. Katika Gredi ya 8 wanafunzi hukutana na elementi na misombo, yaani vitu vilivyoundwa na elementi mbili au zaidi zilizoshikana. Katika Gredi ya 9, muundo wa atomu hufuatwa na metali na aloi, kisha ugumu wa maji. Mada hizo zikifundishwa kila moja kivyake, ugumu wa maji unafika mwishoni ukiwa kipande cha kukariri kama vingine. Mwalimu wa Mutomo au Makindu ana haki ya kulileta swali la maji siku ya kwanza, kulibakiza ubaoni muhula mzima, na kurudi kwake kila wanafunzi wanapopata maarifa mapya.

Chupa nne na kipande cha sabuni

Jaribio la kuanzia halihitaji maabara. Chukua chupa nne za plastiki zinazoonyesha ndani. Ya kwanza itiwe maji ya mvua. Ya pili itiwe maji ya kisima. Ya tatu itiwe maji ya kisima yaliyochemshwa, yakapoa na kuchujwa. Ya nne itiwe maji ya kisima yaliyokorogewa chembe za magadi na kuachwa yatulie. Kila chupa ipate kiasi sawa cha maji na idadi sawa ya matone ya sabuni ya mche iliyoyeyushwa. Sabuni ya unga isitumike, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa zitoe povu hata katika maji magumu. Kisha kila chupa itikiswe kwa muda ule ule, na urefu wa povu upimwe kwa rula.

Wanafunzi wataona tofauti kabla mwalimu hajataja neno atomu. Ndipo maelezo yaanze. Mvua inaposhuka hukusanya kaboni dioksidi hewani na udongoni, ikawa na uchachu kidogo sana. Maji hayo yanapopita katika mawe ya chokaa, ambayo yako kwa wingi Kitui Kusini, hasa upande wa Kanziku, huyeyusha kalisiamu. Mawe mengine huyapa maji magnesiamu. Sabuni ikitiwa, kalisiamu na magnesiamu huikamata na kuigeuza utando usioyeyuka. Povu haliwezi kupanda mpaka kalisiamu yote iwe imeshiba sabuni. Hiyo ndiyo hasara ya mama anayefua.

Kuchemsha husaidia kwa kiasi, kwa kuwa sehemu ya kalisiamu hurudi kuwa jiwe: ndio ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Magadi hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake mna sodiamu na kabonati, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni. Kabonati huishika kalisiamu na kuizamisha chini ya chupa, huku sodiamu ikibaki ndani ya maji bila kuisumbua sabuni.

Maharagwe nayo yana siri iyo hiyo. Ngozi na kuta za seli zake zimeshikamanishwa na pektini, na kalisiamu huikaza pektini hiyo. Ukipika kwa maji magumu unaongeza kikazio katika kitu unachotaka kukilainisha. Magadi huipunguza kalisiamu na kuifanya pektini iyeyuke, ndipo muthokoi ukaiva. Magadi hayo yamekuwa yakichimbwa kibiashara katika Ziwa Magadi, Kajiado, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na wapishi waliyatumia kabla ya kampuni yoyote kufika. Walijua yanafanya nini. Jedwali la elementi linaeleza kwa nini.

Jirani wa safu moja

Swali la kutupia darasa sasa ni hili: kwa nini kalisiamu na magnesiamu zinashirikiana katika kuila sabuni, ilhali sodiamu haimo? Wanafunzi wafungue jedwali. Magnesiamu ni namba 12, kalisiamu ni namba 20. Kwa namba ziko mbali, lakini kwenye jedwali zimekaa moja juu ya nyingine, katika safu wima ya pili. Sodiamu, namba 11, iko safu ya kwanza.

Hapa mpangilio wa elektroni unapata maana. Magnesiamu ni 2, 8, 2. Kalisiamu ni 2, 8, 8, 2. Zote mbili zina elektroni mbili katika mzunguko wa nje, na zote huzitoa mbili hizo zinapoungana na vitu vingine. Sodiamu ni 2, 8, 1, nayo hutoa moja. Katika kemia, idadi hiyo ndiyo huamua atomu itamshika nani na kwa nguvu gani. Kalisiamu ina mikono miwili, kwa hiyo hukamata vipande viwili vya sabuni kwa pamoja na kuvizamisha. Sodiamu ina mkono mmoja, na vipande vinavyoshikwa naye huendelea kuyeyuka. Isitoshe, sabuni ya mche kwa kawaida ni msombo wa sodiamu.

Twende hatua moja zaidi. Chini ya sodiamu, katika safu ile ile ya kwanza, iko potasiamu: 2, 8, 8, 1. Kama jedwali ni la kweli, basi msombo wa potasiamu na kabonati ungepaswa kufanya kazi kama ya magadi. Na ndivyo ulivyo. Majivu ya mimea yana potasiamu kabonati, na katika jamii kadhaa za Kenya, hasa magharibi mwa nchi, maji yaliyochujwa kwenye majivu hutumika kulainishia mboga na nafaka. Mtoto anayetabiri jambo hilo kwa kulitazama jedwali, kisha akaambiwa kwamba lipo, hatalisahau.

Safu ya 17, iliyo karibu na ukingo wa kulia, ina jamaa wengine wa nyumbani. Klorini imo katika dawa ya kutibu maji ya kunywa na katika chumvi. Ayodini huongezwa katika chumvi ya mezani ili kuzuia uvimbe wa koo. Florini imo katika dawa ya meno, na pia katika maji ya baadhi ya visima nchini, ambako ikizidi huchafua meno ya watoto kwa rangi ya kahawia. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kisipitwe ni miligramu 1.5 kwa lita. Magadi nayo huweza kubeba floraidi, yaani florini iliyo ndani ya msombo, ndiyo maana wapishi wanashauriwa wasiyatie kwa wingi. Jedwali moja linaeleza kinachosaidia na kinachodhuru katika sufuria ile ile.

Mwalimu asisahau kueleza jambo linalowachanganya wanafunzi wengi: elementi ikiwa peke yake na ikiwa ndani ya msombo ni mambo mawili. Sodiamu tupu ni metali laini inayoweza kulipuka ikigusa maji. Klorini tupu ni gesi ya sumu. Sodiamu ikitoa elektroni yake moja na klorini ikaipokea, tunapata chumvi tunayoila kila siku.

Jedwali lililozaliwa kwa ajili ya wanafunzi

Kuna hoja ya historia inayounga mkono njia hii. Mwaka 1869, Dmitri Mendeleev, mhadhiri wa kemia mjini St Petersburg, alikuwa akiandika kitabu cha kufundishia wanafunzi wake. Elementi zilizojulikana wakati huo zilikuwa 63, naye alitafuta mpangilio ambao ungemwezesha mwanafunzi kuzielewa badala ya kuzibeba kichwani moja moja. Alizipanga kwa uzito wa atomu zake na kwa tabia zake: zinaungana na nini, kwa uwiano gani, zinatoa misombo ya namna gani.

Elektroni ilikuwa haijagunduliwa. J. J. Thomson aliitambua mwaka 1897, miaka 28 baadaye. Ernest Rutherford alieleza kiini cha atomu mwaka 1911, na James Chadwick akagundua nyutroni mwaka 1932. Yaani jedwali tunalolianzisha darasani kwa kuchora mizunguko ya elektroni lilijengwa na mtu ambaye hakujua kwamba elektroni ipo. Alitumia tabia za vitu. Kama jedwali lenyewe lilipitia njia hiyo, basi mtoto wa miaka 14 anastahili kuipitia pia: kwanza tabia, kisha mpangilio, mwisho sababu iliyofichika ndani ya atomu.

Mendeleev alikuwa na ujasiri wa kuacha nafasi wazi pale ambapo hakuna elementi iliyojulikana iliyofaa. Moja ya nafasi hizo ilikuwa chini ya aluminiamu. Alitabiri kwamba itapatikana metali yenye msongamano wa karibu 5.9. Mwaka 1875, Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran aligundua galiamu, na kipimo chake cha kwanza cha msongamano kilikuwa 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuiona metali hiyo, alimshauri aisafishe zaidi na kupima upya. Kipimo cha pili kilitoa 5.9. Galiamu huyeyuka karibu na nyuzi 30 za Selsiasi, kwa hiyo mchana wa joto kali Mtito Andei ingegeuka majimaji mezani. Kisa hiki kifundishwe kabla ya orodha yoyote, kwa kuwa kinamwonyesha mtoto kwamba jedwali humwezesha mtu kujua jambo ambalo bado hajaliona.

Punje ya mchanga wa Tiva

Baada ya hapo ndipo tuingie ndani ya atomu yenyewe, na mchanga utatusaidia. Mito ya Ukambani, kama Tiva ya Kitui au Kaiti ya Makueni, kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mito ya mchanga. Maji hujificha kati ya punje, na ndiyo maana mabwawa ya mchanga, ambayo wanavijiji wa Kitui wamejenga kwa mamia pamoja na shirika la SASOL, huweka akiba hadi kiangazi. Makueni iliona thamani ya mchanga huo ikatunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Punje nyingi za mchanga huo ni za kwatsi, msombo wa silikoni na oksijeni.

Wanafunzi wapige hesabu. Tuchukue mto wa mchanga wenye urefu wa kilomita 100, upana wa mita 50 na kina cha mita 3. Huo ni ujazo wa mita za ujazo milioni 15. Punje zikiwa na upana wa milimita 1, mita moja ya ujazo hubeba karibu punje bilioni moja. Kwa hiyo mto mzima una punje kama 15 ikifuatwa na sufuri 15. Sasa tuchukue punje moja tu kati ya hizo. Atomu zilizomo ndani yake ni kama 4 ikifuatwa na sufuri 19. Idadi hiyo inazidi punje za mto mzima kwa zaidi ya mara 2,000.

Na hata atomu hiyo ndogo kiasi hicho haijajaa. Protoni na nyutroni zimebanana katika kiini ambacho upana wake ni takriban sehemu moja ya laki moja ya upana wa atomu nzima. Idadi ya protoni ndiyo utambulisho wake. Ukiwa na protoni 14 wewe ni silikoni. Ukiwa na 20 wewe ni kalisiamu, iwe umo katika jiwe la Kanziku, katika ukoko wa birika au katika mfupa wa mguu.

Sumaku na kazi ya wahunzi

Mada ya metali na aloi ina utajiri wake hapa. Fungeni sumaku ya spika kuukuu ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, kisha ipitisheni kwenye mchanga mkavu wa mto, hasa penye mistari myeusi. Itaibuka na punje nyeusi zilizoning'inia. Hizo ni za magnetiti, msombo wa chuma na oksijeni. Wahunzi wa Kikamba walipata chuma chao katika mchanga kama huo. Waliukusanya mtoni, wakautia katika tanuri la makaa, wakapuliza hewa kwa viriba vya ngozi. Kilichotokea ndani ya moto kinaelezeka kwa elementi tatu: kaboni ya makaa iliinyang'anya magnetiti oksijeni, ikaondoka nayo kama gesi, na chuma kikabaki.

Shaba pia ina historia yake. Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakuu wa misafara ya karne ya 19 kati ya bara na Mombasa, na nyaya za shaba zilikuwa miongoni mwa bidhaa walizozipata pwani. Mafundi wao walisokota mikufu myembamba na kupamba vigoda vya wazee kwa nyaya hizo. Shaba nyekundu ni elementi, namba 29. Shaba ya njano ni aloi ya shaba na zinki. Zinki hiyo hiyo ndiyo iliyopakwa juu ya mabati ya kila nyumba ili chuma kisiote kutu. Mwanafunzi anayeandikiwa ubaoni kwamba aloi ni mchanganyiko wa metali ana mfano ndani ya nyumba ya babu yake na mwingine juu ya paa.

Wajibu wa wakubwa

Haya yote yasichukuliwe kuwa kisingizio cha kuwanyima watoto maabara. Kundi la kwanza la Sekondari Msingi liliingia Gredi ya 7 Januari 2023, likawekwa ndani ya shule za msingi ambazo nyingi hazikuwa na chumba cha sayansi, na kufikia mwisho wa 2025 lilikuwa limeshafanya tathmini ya kitaifa ya KJSEA. Chupa na sumaku haziwezi kuchukua nafasi ya mizani, vipimo vya uchachu, miwani ya kukinga macho na mwalimu aliyesomea kemia. Kuna majaribio yasiyofaa kufanywa kienyeji hata kidogo: asidi ya betri za magari na betri zilizopasuliwa zina sumu, na mtoto asizifungue kwa jina la sayansi.

Kaunti za Kitui na Makueni zina jambo moja ambalo zinaweza kulifanya bila kusubiri bajeti mpya. Kisima kirefu kinapochimbwa, sampuli ya maji hupelekwa kupimwa, na ripoti hurudi ikiwa na orodha: kalisiamu, magnesiamu, sodiamu, chuma, kloraidi, floraidi, kila moja na miligramu zake kwa lita. Orodha hiyo ni jedwali la elementi la kijiji hicho. Nakala yake ipelekwe katika shule iliyo karibu na kisima. Wanafunzi wailinganishe na ya kisima kingine, watabiri ni maji gani yatakula sabuni, kisha wayapime. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kwa Vonza, Kitui, kina wanafunzi wa sayansi ambao wangeweza kutembelea madarasa hayo na kuwasaidia walimu kuzisoma namba. Nao watungaji wa mitihani waulize kwa nini magnesiamu hufanana na kalisiamu, badala ya kuuliza alama yake ni ipi.

Uzito wa jambo hili unapita alama za mtihani. Mwishoni mwa Gredi ya 9 mtoto huchagua njia ya masomo, na aliyechoshwa na kemia akiwa na miaka 14 hugeuka mbali na uhandisi wa maji, uuguzi, kilimo na jiolojia. Wakati huo huo, kaunti hizi zinakabiliwa na maamuzi makubwa: makaa ya mawe ya bonde la Mui, chokaa ya Kitui Kusini, mchanga wa mito, biashara ya makaa ambayo serikali ya Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wake mwaka 2018. Wawekezaji watakuja na ripoti zilizojaa alama za kikemia, na wenyeji wataombwa watie sahihi. Watoto wanaosoma Gredi ya 9 leo ndio watakaokuwa wamekaa katika mikutano hiyo ya baraza. Wafundishwe sasa kulisoma jedwali, ili siku hiyo waweze kuuliza ni nini kitachimbwa, kitaingia katika maji ya nani, na kwa kiasi gani.